Je, «uaminifu» unatosha kila mahali?

Mfasiri Mchanga:

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nimepewa nyaraka tatu nizitafsiri kwa Kiswahili, na katika zote tatu limejitokeza neno moja la Kiingereza, «fidelity», ambalo kamusi yangu inalipa jibu moja tu: uaminifu. Waraka wa kwanza ni wa bima inayomfidia mwajiri pale anapoibiwa na mtumishi wake mwenyewe. Wa pili ni mafunzo ya wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa. Wa tatu ni maelezo ya spika za muziki. Kwenye ndoa sina shida. Kwenye bima nasitasita. Kwenye spika ndipo nilipokwama kabisa, kwa sababu nilipoandika kwamba zina «uaminifu wa hali ya juu», mdogo wangu aliyekuwa ameketi kando yangu alicheka na kuniuliza kama hizo nyingine humwibia mwenye nyumba. Je, nilitumie neno lilelile kote, au nilivunje vipande?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, kijana. Mdogo wako ana sikio zuri. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, fides, yaani imani na ahadi inayoshikwa, na watumiaji wake wamelisogeza kutoka kwa mtu hadi kwa kitu: kwanza mtu anayeshika ahadi yake, kisha nakala inayoshika asili yake. Neno letu limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia amana, imani, amani na kuamini, nalo halijasogea hivyo. Bado linamtaka mtu mwenye dhamiri, mtu ambaye angeweza kudanganya lakini hakudanganya. Spika haina uwezo huo, ndiyo maana sentensi yako ilichekesha.

Lipo pia jambo la sarufi ambalo wanafunzi wangu walilipita bila kuliona. Viambishi -ifu na -ivu kwa kawaida humwonyesha mtenda: mharibifu ndiye anayeharibu, mvumilivu ndiye anayevumilia. Kwa mwendo huo mwaminifu angepaswa kuwa mtu anayeamini, lakini sivyo, kwani anayeamini tunamwita muumini, ilhali mwaminifu ni yule ambaye wenzake wanamwamini. Sifa ni yake, lakini wanaoitoa ni wengine.

Kuhusu matumizi rasmi, Ibara ya 68 ya Katiba ya Tanzania inamtaka kila mbunge aapishwe kiapo cha uaminifu kabla hajaanza kushiriki shughuli za Bunge. Hapo uaminifu unakaribia utiifu, ingawa si kitu kimoja, maana mtu anaweza kutii kwa kuogopa tu. Spika ziandikie «sauti halisi» au «sauti isiyopotoshwa», uendelee na kazi.

Mjukuu wa Pangani:

Shikamoo, Mwalimu. Naomba niongeze juu ya amana, kwa sababu naona ndiko neno hili lilikoshika mizizi kwetu Pwani. Marehemu bibi yangu alikuwa akiwekewa fedha na majirani waliosafiri. Alizifunga katika pindo la kanga kuukuu, kila mtu na fundo lake, na kanga ile ilikaa chini ya godoro. Siku moja jirani alirudi kuchukua fedha zake wakati bibi ametoka. Mama alikuwa na kiasi kilekile mkononi, akataka ampe ili asisubiri. Yule jirani angeridhika, lakini bibi aliporudi na kusikia, alimkemea mama mbele yetu: zile si fedha za kubadilishwa, ni amana, na mwenyewe atarudishiwa noti zilezile alizoziacha, hata ile iliyochanika pembeni. Baadaye chuoni nilifundishwa kwamba hata fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inatofautisha: mkopaji hurudisha mfano wa alichokopa, lakini aliyewekewa amana hurudisha kitu chenyewe. Kwa hiyo mimi nisingesema kwamba uaminifu hauna habari na nakala na asili. Bibi yangu alikuwa na habari nayo.

Kalamu Nyekundu:

Kisa cha bibi kimenigusa, nami nakipeleka kwenye kazi yetu ya tafsiri, ambako tunasema bila kigugumizi kwamba tafsiri fulani ni aminifu. Swali ni kama mfasiri amewekewa amana au amekopa. Mwalimu Nyerere alipoitoa tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, jina la Kiingereza lilikuwa na mfanyabiashara mmoja, naye akaweka wengi. Tena ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati bepari alikuwa amekwisha kuwa mnyonyaji katika masikio ya kila mtu. Hata hivyo neno hilo lilitujia kutoka lugha za India likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Kwa asili ya neno, basi, hakukosea. Kwa wingi na kwa harufu ya wakati, alirudisha noti nyingine. Mimi namhesabu kuwa mkopaji hodari aliyelipa thamani kamili, ila bibi wa Pangani angemkemea.

Kuhusu bima, usisitesite. «Bima ya uaminifu wa watumishi» inasikika kinyume kwa sababu hulipa pale uaminifu unapokosekana, lakini bima ya maisha nayo hulipa mtu anapokufa, na hakuna anayeshangaa.

Mfasiri Mchanga:

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Ndoa nimeiachia uaminifu wake, bima nimeiandika kama alivyoshauri Kalamu Nyekundu, na spika sasa zina «sauti halisi isiyopotoshwa». Mdogo wangu amesoma tena na hakucheka. Limebaki moja: katika waraka wa bima kuna mahali panapotaja mtumishi aliyevunja uaminifu huo, nami nimeandika «aliyefanya hiana», lakini naona mteja wangu wa bara huenda asilielewe. Je, niandike «aliyekosa uaminifu», au nitakuwa nimelipunguza kosa?

Mwalimu Mstaafu:

Utakuwa umelipunguza. Anayekosa uaminifu huenda ni mzembe tu, lakini mwenye hiana amekusudia. Acha hiana, ila uifafanue mara moja mwanzoni mwa waraka.