Mshahara wa askari wa shuleni alipe nani, jiji au shule? Naombeni ushauri kabla ya kikao

Mama Wawili
Wakuu habari zenu. Niko Marekani, mji mdogo tu huku Midwest, watoto wangu wote wawili wako shule ya umma. Shule ina askari polisi mmoja anashinda pale kila siku, mshahara wake jiji lilikuwa linalipa kwa kusaidiwa na ruzuku ya serikali kuu. Ruzuku inaisha, sasa jiji linasema kuanzia mwaka ujao wa masomo shule ibebe robo tatu kwa sababu askari anakaa shuleni miezi tisa, wao watabaki na ile robo ya kiangazi anaporudi barabarani.

Bajeti wametutumia kwa imeili nimeisoma yote. Mstari wa usalama umepanda, ukishuka kidogo unakuta nesi wa shule aliyekuwa siku nzima sasa kaandikwa nusu siku. Mtoto wangu mdogo ana pumu, inhela yake ya akiba inakaa kwenye kabati la huyo nesi, akibanwa saa nane mchana nani atafungua?

Askari simkatai, baada ya yale mauaji ya shuleni Uvalde, Texas, mzazi gani hapa analala vizuri. Ila wiki ijayo bodi ya shule ina kikao cha wazi, kila mzazi anapewa dakika tatu, nataka nijue nidai nini hasa. Jiji lilipe lote? Wagawane? Msaada wenu.

Mzee wa Bajeti
Dada pole. Nimefanya kazi za mahesabu ya kaunti miaka mingi. Kama ruzuku yenyewe ni ya COPS, ile ofisi ya Wizara ya Sheria iliyoanza 1994, masharti yake yanajulikana. Serikali kuu inachangia hadi asilimia 75 ya mshahara na marupurupu kwa miaka mitatu, mwisho dola 125,000 kwa askari mmoja, na ikiisha ile nafasi inatakiwa ibaki walau miezi 12 kwa hela za ndani. Yaani wakati wanaomba walijua kabisa siku hii inakuja. Swali lako la kwanza liwe hilo, wakati jiji linasaini, huo mwaka wa nne lilipanga kuulipaje? Omba na nakala ya mkataba kati ya polisi na shule, ni hati ya umma hiyo usiogope kuiomba.

Kaka wa Texas
Mama Wawili huku kwetu tangu 2023 sheria ya jimbo inataka kila shule iwe na mlinzi mwenye silaha, na walipoanza walitoa dola 15,000 kwa shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sasa piga hesabu, 15,000 unamlipa polisi gani? Wilaya nyingi za shule zilitumia kipengele cha kusamehewa sharti hilo kwamba haziwezi, zingine zikachukua wafanyakazi wao zikawafundisha kubeba bastola. Serikali ikiamuru kitu halafu isilete hela kamili, wa chini ndio wanaumia. Florida nao baada ya mauaji ya shuleni Parkland 2018 waliweka sheria ya mlinzi kila shule. Kwahiyo usiishie kwa jiji tu, mbane na mbunge wa jimbo lenu.

Sauti ya Pili
Mimi nauliza tu kwanini tunaanzia kwenye nani alipe badala ya kama anahitajika. Shule za Minneapolis zilivunja mkataba na polisi 2020, Oakland nao wakafuta polisi wa shule mwaka huo huo. Hiyo hela mpeni nesi na mshauri wa wanafunzi.

Mzee wa Bajeti
Sauti ya Pili nakuheshimu ila malizia na Denver, waliwatoa halafu 2023 baada ya risasi kupigwa ndani ya hai skuli moja wakawarudisha. Dada hajaja kuuliza hilo, ana kikao wiki ijayo.

Mwalimu Mkongwe
Mimi nafundisha, nitasema ninachokiona. Shida kubwa ya shule kulipa ni kwamba inalipa bila kuwa bosi. Yule askari anabaki wa mkuu wa polisi, ndiye anampangia shifti, ndiye anambadilisha, siku kukiwa na tukio mjini anaitwa anaondoka na shule bado inakatwa hela. Halafu walimu nao wakimuona yupo wanamtumia vibaya, nimeshuhudia mtoto kagoma kutoa simu darasani akaitiwa polisi, jambo la mwalimu na mzazi likaishia kwenye ripoti ya polisi.

Na kulipa peke yake hakukupi ulinzi. Uvalde wilaya ya shule ilikuwa na polisi wake yenyewe inaowalipa, siku ile ya 2022 walifika askari 376 wa idara mbalimbali na ikachukua dakika 77 kabla ya kuingia darasani, watoto 19 na walimu wawili wamekufa. Parkland askari wa sherifu alikuwa hapo hapo shuleni akabaki nje, akashtakiwa na 2023 jopo likamwona hana hatia. Kwahiyo kazi yake iandikwe kwenye mkataba, afanye nini na asiguse nini.

Msimamo wangu jiji lilipe mshahara, mtoto akiwa darasani bado ni mkazi na mzazi wake ameshalipa kodi ya polisi.

Kaka wa Texas
Hapo mwalimu watakujibu kwamba wilaya ya shule inavuka mipaka ya jiji, kuna watoto wanatoka nje kabisa ambao wazazi wao hawalipi kodi ya jiji. Dada jiandae kwa hilo, na jibu ni kwamba kaunti nayo ichangie kwa hao wa nje.

Mama Wawili
Asanteni sana jamani, hili la kaunti sikulifikiria kabisa. Nitasimama na haya: jiji na kaunti walipe mshahara, shule itoe ofisi na vifaa tu, kazi za askari ziandikwe na adhabu za darasani zisiwemo, na nesi arudishiwe siku nzima kabla bodi haijapigia kura bajeti. Kesho naomba ule mkataba.

Mwalimu Mkongwe
Ukiupata angalia ovataimu ya askari kwenye mechi za shule za Ijumaa usiku, mara nyingi imefichwa kurasa za mwisho na anayeilipa ni shule.