Dunia itulipe tuyaache mafuta ya Ziwa Alberti ardhini?

Mwana_Bunyoro: Wadau, Ecuador mwaka 2007 iliiambia dunia: tupeni dola bilioni 3.6, nusu ya thamani ya mapipa kama milioni 850 yaliyo chini ya msitu wa Yasuní, nasi hatuchimbi. Sisi Uganda tuna Tilenga, mradi wa mafuta wa visima zaidi ya 400, viwanja kumi vya visima vikiwa ndani ya hifadhi ya Murchison. Kwa nini tusiombe kama wao? Ingawa mafuta yetu ni nta tupu, hata bomba likitoboka hayaendi popote.

Karuma: Wao walipata nini? Mfuko wa michango uliwekwa chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2010. Rais wao Correa alipoufunga Agosti 2013 zilikuwa zimeingia dola milioni 13 hivi, nyingine zote ahadi. 2016 wakaanza kutoa mafuta Tiputini, kwenye mafuta yaleyale ya Yasuní. Kilichokuja kuwazuia ni kura ya wananchi wenyewe, Agosti 2023, asilimia 59, bila senti ya mzungu.

Fundi_Bomba: "Hayaendi popote"? Nani kakudanganya, ndugu yangu? Yakipoa yanaganda kama samli, sawa. Ndiyo maana bomba la kwenda Chongoleani, bandarini Tanga, kilomita 1,443, linavikwa povu la kutunza joto na kutandikiwa nyaya za umeme za kulipasha, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 na zaidi. Likitoboka yanatoka ya moto. Yanatiririka, yanapenya mchangani, ndipo yanaganda. Hapo pampu haifyonzi kitu. Ni kuchimbua udongo wote na kuubeba.

Mwana_Bunyoro: Punguza moto basi. Nilikuwa nalinganisha na Nigeria, kwenye mafuta mepesi yanayosambaa yakimwagika.

Fundi_Bomba: Nigeria haibadilishi fizikia. Tena kutoboka si balaa pekee. Pampu zikisimama na umeme wa kupasha ukakatika kwa muda mrefu, nta inajenga utando ndani ya bomba, na kuyasukuma upya kunadai shinikizo kubwa kuliko la kawaida. Ukikosea hapo una chuma kilichozibwa.

Nyanya_wa_Budongo: Banange, mmehamia karakana! Swali lilikuwa pesa. Na Murchison ni savana. Misitu ya kweli ni Budongo na Bugoma. Ule mfuko wa Brazil wa kulipia misitu ya tropiki, uliozinduliwa Belém Novemba 2025, unaahidi dola 4 kwa hekta ya msitu kwa mwaka. Bugoma ina hekta kama 41,000, basi ni dola 164,000, kabla ya makato ya miti iliyokatwa. Bomba likijaa, mapipa 216,000 kwa siku, hata pipa likiwa dola 60, ni karibu milioni 13. Kwa siku! Na mfuko unahesabu miti iliyosimama ikionwa na setilaiti, haupimi kilicho chini yake.

Karuma: Yaani siku moja ya bomba ndiyo makusanyo yote ya Yasuní.

Bulisa_Kwetu: Mama, hiyo "misitu ya kweli" ndiyo imeniudhi. Savana haistahili kulindwa? Delta ya Nile pale inapoingia ziwani iko kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2006.

Nyanya_wa_Budongo: Mwanangu, sikusema haistahili. Nimesema hailipwi. Mfuko ni wa misitu, nyasi hazimo.

Karuma: Mnasahau jirani. Kongo ya Kinshasa iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka 5 ilinde misitu yake, pale kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021. Julai 2022 ikanadi vitalu 27 vya mafuta, vingine juu ya mboji ya kinamasi. Mnada ulifutwa Oktoba 2024 kwa sababu zabuni zilikuwa dhaifu, siyo kwa kuonea miti huruma.

Mwana_Bunyoro: Walikula kotekote!

Bulisa_Kwetu: Wangekula wao, siyo watu wa kando ya kisima. Hapa je? Sheria ya fedha ya 2015 inazipa serikali za wilaya asilimia 6 ya mrabaha wa mafuta. Hizo za Belém, angalau asilimia 20 ni za wenyeji wa msituni. Nani atatajwa mwenyeji wa Bugoma?

Karuma: Kuna mfalme wa Bunyoro, kuna halmashauri, kuna wizara.

Bulisa_Kwetu: Na wavuvi umewaruka.