Kwa nini watoto hubananisha namba kubwa mwishoni mwa mstari?

Mwalimu wa Darasa la Pili:
Walimu wenzangu, habari za kazi. Huchora ubaoni mstari wa namba kuanzia 0 hadi 100, bila alama yoyote katikati, kisha humwita mwanafunzi aonyeshe mahali pa namba ninayomtajia. Wengi huiweka 10 karibu na katikati, halafu 60, 70 na 80 zikabanana kulia, ilhali watoto hao hao huhesabu hadi 100 bila kukosea. Je, shida iko kwenye hesabu, au kwenye namna wanavyouona urefu wa mstari wenyewe?

Mwanasaikolojia wa elimu:
Mwalimu, watoto hao hawabahatishi. Mwaka 2003 Robert Siegler na John Opfer walionyesha kwamba watoto wa darasa la pili nchini Marekani, walipopewa mstari wa 0 hadi 1000, walizitanua namba ndogo na kuzibana kubwa, wakati wale wa darasa la sita walizipanga kwa nafasi zilizo sawa. Mwaka 2008 ilibainika kwamba hata watu wazima wa jamii ya Mundurukú, katika Amazon ya Brazili, huzipanga kwa mtindo huohuo wa kubana. Wanaopanga hivyo hufuata uwiano: 2 ni mara mbili ya 1, lakini 9 inaizidi 8 kidogo tu, kwa hiyo jicho huona pengo la kwanza kuwa kubwa zaidi. Nafasi zilizo sawa ni jambo la kufundishwa.

Msomaji wa Mombasa:
Naongeza suala la upande. Stanislas Dehaene na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba Wafaransa wanaobonyeza kitufe ili kusema kama namba ni shufwa au witiri huwa wepesi zaidi kwa mkono wa kushoto namba ikiwa ndogo, na kwa wa kulia ikiwa kubwa. Kwa Wapalestina, wasomao maneno na tarakimu kutoka kulia, mwelekeo huo uligeuka katika utafiti wa 2009. Kinachonigusa zaidi ni wagonjwa wa kiharusi waliopimwa Italia mwaka 2002, ambao ubongo wao haukutilia maanani upande wa kushoto: walipoulizwa namba iliyo katikati ya 2 na 6, waliweza kujibu 5, ingawa hesabu za kawaida hazikuwashinda.

Mwalimu wa awali:
Kwa darasa lako, Mwalimu, ningeanza na mchezo. Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa awali kwenye visanduku 10 vilivyopangwa kwa mstari na kuandikwa namba, na kwa muda wa wiki mbili makadirio yao yakaboreka sana, tofauti na wenzao waliochezea visanduku vya rangi tupu. Zingatia jambo moja: mtoto aliye kwenye 4 akisogea hatua mbili, ataje "tano, sita", asitaje "moja, mbili", ili kila namba aitamke akiwa mahali pake.