Sehemu ya mwisho ya How I Met Your Mother: je, kosa ni la mwisho wenyewe au ni la njia iliyotufikisha hapo?

Mwanzilishi wa mada

Salamu kwenu nyote. Naomba wale ambao hawajaitazama tamthilia hii hadi tamati wasiendelee kusoma, kwa sababu siwezi kuuliza ninachotaka kuuliza bila kufichua kila kitu.

Juma lililopita nilimaliza kuitazama upya How I Met Your Mother, misimu yote tisa, safari hii nikiwa na mke wangu ambaye hakuwa ameiona hata mara moja na wala hakuwa amesikia lolote kuhusu hatima yake. Ilipokwisha ile sehemu ya mwisho yenye urefu wa sehemu mbili, ambayo kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kiliirusha tarehe 31 Machi 2014, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba waandishi walimsubirisha mtazamaji miaka minane ili amwone huyu mama, halafu wakamzika kwa sentensi moja. Nilikuwa na majibu tayari, maana nimeutetea mwisho ule mara nyingi mbele za watu, lakini nilipoanza kuyatamka niliona hayanitoshelezi hata mimi mwenyewe.

Kwa wanaohitaji kukumbushwa, ni mwaka 2030 na Ted Mosby anawasimulia watoto wake wawili jinsi alivyokutana na mama yao. Msimu wa tisa karibu wote unapita katika siku chache za harusi ya Barney, rafiki wa Ted, na Robin, mwanamke aliyekuwa mpenzi wa Ted zamani. Kisha katika sehemu ya mwisho tunaambiwa kwamba ndoa hiyo ilivunjika baada ya miaka mitatu, kwamba Ted na Tracy, yaani huyo mama, walipata watoto na baadaye wakafunga ndoa, kwamba Tracy aliugua na kufariki mwaka 2024, na kwamba watoto, baada ya kusikia simulizi yote, wanamhimiza baba yao aende kwa Robin. Anakwenda, amebeba lile baragumu la buluu aliloliiba mkahawani katika sehemu ya kwanza kabisa ya mwaka 2005, naye Robin anamchungulia kutoka dirishani.

Swali langu ni hili. Ninyi mliouchukia mwisho huu, je, mnachokikataa ni jambo lenyewe, yaani Ted kurudi kwa Robin baada ya kifo cha mkewe, au ni namna tulivyofikishwa hapo? Nawaomba wanaoupenda nao waseme kwa nini.

Mpenda Simulizi

Ndugu mwanzilishi wa mada, mimi ni miongoni mwa wanaoupenda, na nitajaribu kueleza kwa utulivu.

Sehemu ya kwanza kabisa inamwonyesha Ted akimpenda mwanamke kwa mtazamo mmoja, nasi sote tunaamini kwamba huyo ndiye mama, hadi msimulizi anapowaambia watoto kwamba hivyo ndivyo alivyokutana na shangazi yao Robin. Watu huichukulia kauli hiyo kuwa hila ya kuchekesha tu. Mimi naichukulia kuwa ufunguo wa kazi nzima. Mtu anayewaketisha watoto wake ili awaeleze habari za mama yao, kisha akaanza na mwanamke mwingine na kumrejea mara kwa mara, anawaambia jambo ambalo hajathubutu kulisema waziwazi. Binti yake analitambua mwishoni na kumweleza kwamba mama hakutajwa sana katika simulizi hiyo. Ni kweli, hakutajwa sana, na ukweli huo ulikuwa mbele ya macho yetu tangu msimu wa kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo naona limesahauliwa na wengi. Itazameni tena sehemu ya 200, iliyorushwa Januari 2014, ambamo tunayafuata maisha ya Tracy mwenyewe kabla hajakutana na Ted. Siku ya kuzaliwa kwake ya 21, mwaka 2005, mpenzi wake Max anafariki, na zawadi ya mwisho aliyomwachia ni ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Tracy anaishi miaka minane akiamini kwamba bahati yake katika mapenzi imekwisha kutumika. Usiku ule kule Farhampton, mahali pa harusi ya Barney na Robin, kabla hajapiga ukulele katika hewa ya usiku bila kujua kwamba Ted anamsikiliza kutoka chumba cha jirani, anasimama nje peke yake na kumwomba Max ruhusa ya kuendelea na maisha. Mwanamke huyu ndiye angekuwa wa mwisho kumlaumu Ted kwa kupenda tena. Waandishi Carter Bays na Craig Thomas walitupa jibu la maadili la mwisho ule miezi miwili kabla haujafika, na walilitia kinywani mwa Tracy mwenyewe.

Mwavuli wa Manjano

Namheshimu Mpenda Simulizi, na hoja yake ya sehemu ya 200 ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuzisoma. Hata hivyo, hoja hiyohiyo ndiyo inayonifanya niulaumu mwisho zaidi.

Huzuni ya Tracy kwa Max ilipewa nafasi yake. Tuliona kitanda, tuliona zawadi iliyofunguliwa akiwa peke yake, tuliona miaka ikipita na yeye akikataa kutazama mtu mwingine. Huzuni ya Ted kwa Tracy ilipewa nini? Picha ya kitanda cha hospitali, maneno machache ya msimulizi, kisha tunarudishwa kwenye kochi ambako watoto wanatabasamu. Kwa Ted ilikuwa miaka sita. Kwetu sisi watazamaji ilikuwa muda wa kunywa funda la maji. Wapo wanaosema kwamba miaka sita inatosha mtu kuponyoka kwenye msiba, nami nakubali, lakini hadithi haiponyeshwi kwa tarakimu. Mtazamaji hana budi kupitishwa humo, hata kwa dakika tano.

Sababu yake inajulikana, na si siri. Mandhari ya watoto wakimhimiza baba yao aende kwa Robin yalipigwa picha mwaka 2006, wakati wa msimu wa pili, kwa kuwa waigizaji Lyndsy Fonseca na David Henrie walikuwa wakikua haraka, na wasingeweza kuonekana vijana wadogo tena miaka minane baadaye. Uamuzi ule ulikuwa wa busara wakati huo. Tatizo ni kwamba tamthilia ilikua pia. Kati ya 2006 na 2014 Robin alimpenda Barney, Barney akabadilika, Ted akamwachia Robin aende zake kule ufukweni katika msimu wa tisa, naye Robin akipaa kutoka mkononi mwa Ted kama puto, na mwigizaji Cristin Milioti akaja akampa Tracy uhai ambao hakuna mtu angeweza kuupangia mwaka 2006. Hadithi ilikwisha kupita mlango ule, lakini funguo zake zilikuwa zimechongwa zamani, na waandishi wakajiona wamefungwa nazo.

Nitaongeza jambo moja la hesabu, kwa sababu linanikera kila nikilikumbuka. Msimu wa tisa una sehemu 24. Sehemu 22 zinatumika kwa siku zisizofika hata nne, na sehemu mbili zilizobaki zinabeba miaka 17, yaani kutoka 2013 hadi 2030, zikiwa na talaka, ndoa, kuzaliwa kwa watoto, kuvunjika kwa urafiki na kifo. Hakuna muongozaji, hata awe Pamela Fryman ambaye aliongoza karibu tamthilia yote kwa ustadi mkubwa, anayeweza kuugawa muda huo vizuri baada ya kuugawiwa vibaya namna hiyo.

Jicho la Tatu

Mimi ugomvi wangu ni wa Barney tu, na nitausema kwa ufupi. Tulialikwa harusini kwa msimu mzima. Tulishuhudia viapo, tulishuhudia hofu ya Robin dakika za mwisho, tukaamini. Kisha wanandoa hawa wanatangaza talaka mbele ya rafiki zao kama watu wanaoahirisha safari, na Barney anarudi kwenye tabia zilezile alizohangaika misimu minne kuziacha. Najua watu huachana. Ninachodai ni kuonyeshwa ugomvi mmoja wa kweli kati yao, badala ya malalamiko ya intaneti ya hotelini.

Pamoja na hayo, dakika ile anapompakata binti yake mchanga na kumwambia maneno ya upendo ndiyo bora kuliko zote katika sehemu ile, na Neil Patrick Harris anayemwigiza anastahili sifa. Kwa hiyo siwezi kuikataa sehemu nzima.

Mama wa Wawili

Nimesoma yote mliyoandika, ndugu zangu, nami nataka kuzungumza kama mtu aliyewahi kukaa mahali pa Ted. Mume wangu wa kwanza alifariki watoto wetu wakiwa wadogo, na baada ya miaka saba niliolewa tena, na mtu tuliyefahamiana naye tangu ujana.

Ted kurudi kwa Robin hakunikwazi hata kidogo. Anayesema kwamba kumpenda Robin tena kunafuta mapenzi ya Tracy hajawahi kuwa na mapenzi mawili ndani ya kifua kimoja. Yanakaa pamoja, kila moja kwenye chumba chake, wala hayagombani. Kwa hilo niko upande wa Mpenda Simulizi.

Kilichonichoma ni watoto wale. Mimi nilipowaambia wanangu, mkubwa aliondoka mezani, na mdogo akaniuliza kama picha ya baba yao itaondolewa ukutani. Walinipa baraka zao, lakini baraka hizo zilichukua muda na zilipitia maswali magumu, na hadi leo nawashukuru kwa sababu hawakuzitoa kwa haraka. Watoto wa Ted wanafurahi papo hapo, wanacheka, wanamsukuma baba yao kwenye simu. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba anamkosa mama yake. Nilipofahamu kwamba mandhari hayo yalipigwa picha mwaka 2006, wakati mama huyo hakuwa bado na sura wala jina, nilielewa kwa nini. Vijana wale walikuwa wanaigiza kumkumbuka mtu ambaye hakuwapo. Siwalaumu, maana hawakupewa mtu wa kumlilia.

Kama nafasi ingekuwapo ya kuongeza jambo moja tu, nisingebadili dirisha wala baragumu. Ningemtaka binti anyamaze kidogo kabla ya kumruhusu baba yake.

Mpenda Simulizi

Mama wa Wawili, nakushukuru sana kwa kutueleza hayo, na pole kwa uliyopitia. Kuhusu watoto nakubali bila masharti. Nilikuwa nimeyatetea mandhari yale kwa miaka mingi kwa kuwa yanakamilisha umbo la hadithi, na sikuwa nimejiuliza yanawafanya watoto wale kuwa watu wa namna gani.

Kuna dalili moja, hata hivyo, kwamba waandishi walijaribu kulipa deni hilo mapema. Katika msimu wa tisa kuna sehemu ambayo Ted na Tracy wamekaa wawili hotelini Farhampton, mwaka 2024, na Tracy anasema kwamba hakuna mama anayeweza kukosa harusi ya binti yake. Macho ya Ted yanalengwalengwa na machozi, na simulizi inaendelea bila kueleza. Watazamaji wengi walibashiri kifo chake kuanzia hapo. Huzuni ya Ted ipo, ila imewekwa majuma manne kabla ya mahali ilipohitajika, na mtu asiyeikumbuka anafika mwisho akiwa mikono mitupu.

Mwavuli wa Manjano

Hiyo ya Farhampton naikubali. Nami niongeze ile hotuba ya msimu wa nane, ambamo Ted anawaza kwamba anakimbia hadi mlangoni kwa Tracy, siku 45 kabla ya siku watakayokutana, na kumwomba ampe hizo siku 45 za ziada. Mara ya kwanza niliiona kuwa ya mtu mpweke mwenye pupa ya kupendwa. Niliporudia nikijua kwamba anayesimulia amekwisha kumzika, sikuweza kuitazama hadi mwisho. Basi kwangu mimi mwisho wa kweli wa tamthilia hii uko pale, na ule wa dirishani nauacha kwa wenye kuupenda.

Kwa faida ya mke wa mwanzilishi wa mada: seti ya diski iliyotolewa Septemba 2014 ina mwisho wa pili, ambao simulizi inaishia stesheni ya treni, Ted na Tracy wakiwa chini ya mwavuli mmoja, bila ugonjwa na bila baragumu. Mimi naona ni mwepesi mno, kana kwamba umeogopa kitu, lakini wapo walioupokea kama faraja.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru nyote. Nilimsomea mke wangu maneno ya Mama wa Wawili kuhusu binti kunyamaza kidogo, naye akasema kwamba hicho hasa ndicho alichokuwa akikitafuta siku ile alipokaa kimya. Nilimweleza pia habari za mwisho wa pili, lakini hakutaka kuuona kwanza. Aliomba tuanze na ile hotuba ya siku 45, kisha sehemu ya 200, kisha ile ya Farhampton, tukizitazama tatu hizo mfululizo. Tumezimaliza jana usiku. Kwenye ile ya Farhampton alisimamisha picha mahali macho ya Ted yanapolengwalengwa, akarudisha nyuma, akaitazama mara ya pili, na akaniambia kwamba mara ya kwanza alikuwa amedhani Ted amechoka tu.