Nukta ya grafu ifungue ukurasa wa daftari, nafanyaje?

dagaa_kirumba
Habari zenu wakuu. Nakusanya bei ya dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Kila asubuhi naandika daftarini, napiga picha ukurasa, naupandisha mtandaoni. Grafu nachora kwa lugha ya Python, kwa maktaba yake ya kuchorea, matplotlib. Sasa bosi akiona nukta imepaa peke yake anauliza, "Hii umeitoa wapi?" Nataka abofye nukta yenyewe, daftari la siku hiyo lifunguke.

`s = plt.scatter(siku, bei)`
`s.set_urls(viungo)`
`plt.savefig('bei.png')`

Kosa halitoi. Nikibofya, kimya.

fundi_nukta
Msimbo wako hauna kosa, aina ya faili ndiyo inayokuangusha. PNG ni picha tupu, haina pa kubebea kiungo. Andika `bei.svg`, aina ya picha inayobeba viungo, kisha fungua kwa kivinjari. Na usishawishike kutumia `plt.plot`, huko mstari wote unapata kiungo kimoja. Ongeza `s=60` pia ndani ya `plt.scatter` nukta ziwe kubwa, kidole cha bosi kwenye simu si sindano.

dagaa_kirumba
Imekubali, ubarikiwe! Ila nimeiweka kwenye ukurasa wa ofisi kwa `<img>`, imekufa tena. Halafu kuna kioja: hadi tarehe 13 viungo viko sawa, nikibofya ya 14 linakuja daftari la 15.

mzee_wa_majedwali
Dada, `<img>` inaonyesha tu, haibofyeki ndani. Fungua hiyo SVG kama maandishi, nakili kuanzia `<svg` mpaka `</svg>`, bandika ndani ya HTML (msimbo) ya ukurasa wako.

Kioja chako nakifahamu, kilishaniaibisha mbele ya watu. Tarehe 14 hukupiga picha, sivyo? `set_urls` haijui tarehe. Inagawa kwa foleni: kiungo cha kwanza kwa nukta ya kwanza, na kuendelea. Kimoja kikikosekana, wote wa nyuma wanasogea, na nukta ya mwisho inarudishiwa kiungo cha mwanzo. Haitakulalamikia hata kidogo. Basi usiwe na orodha mbili, unganisha jedwali la bei (`bei_df`) na la picha (`picha_df`) kwa tarehe, kwa pandas:

`t = bei_df.merge(picha_df, on='tarehe', how='left')`
`t['kiungo'] = t['kiungo'].fillna('hakuna_picha.html')`

Kisha chora kutoka `t`, na viungo vitoke humo humo: `s.set_urls(list(t['kiungo']))`.

fundi_nukta
Mzee kamaliza. Mimi siku hizi natumia Bokeh, maktaba nyingine ya grafu ya Python: `TapTool` na `OpenURL(url='@kiungo')`, kila nukta inasoma safu yake yenyewe. Lakini kwa kawaida faili lake linavuta JavaScript mtandaoni. Bando likiisha, grafu haionekani kabisa. Kwa kazi yako baki na SVG.

dagaa_kirumba
Kweli, tarehe 14 simu ilizima chaji. Nimeunganisha, kila nukta iko kwake. Bosi kaanza na ile iliyopaa. Daftarini ni 3500, kwenye kompyuta niliingiza 8500. Mwandiko wangu mwenyewe!