Unga wa ndizi mbichi kwa choo kigumu: upikwe au ukorogwe mbichi?

Kibuyu
Wakuu, habari zenu. Kuna mzee wa miaka 68, anapata choo mara mbili kwa wiki na kinatoka kama cha mbuzi. Ameelezwa kwamba wanga sugu, yaani wanga usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, unalisha bakteria wa utumbo, kwa hiyo kila asubuhi anatumia vijiko vinne vya chakula vya unga wa ndizi mbichi. Siku nyingine anauchemsha uji, siku nyingine anaukoroga kwenye mtindi. Sasa tumbo limejaa gesi na choo ni kigumu vilevile. Tatizo ni kipimo, upishi au unga? Na wali wa kiporo nao unasaidia?

Mchachu
Mkuu, yote matatu.

Chembe za wanga wa ndizi mbichi zimejifunga, vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviziwezi, ndiyo maana zinafika utumbo mpana zikiwa nzima. Zikikaa kwenye maji ya nyuzi joto 70 hivi zinavimba na kupasuka, na usugu mwingi unapotea. Kwa hiyo siku za kuchemsha anakunywa uji tu. Apike uji wake wa kawaida, auache upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo akoroge unga. Mtindi ni rahisi zaidi.

Vijiko vinne kwa kuanzia ni vingi mno. Aanze na kijiko kimoja cha chai, akae nacho siku tano, aongeze kimoja, na asizidi viwili vya chakula. Bakteria kama Ruminococcus bromii ndio wanaofungua chembe hizo, wengine wanamalizia kwa kutengeneza butirati, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Wakiwa bado wachache, ukimwaga mzigo mkubwa unavuna gesi.

Unga: ndizi ziwe za kijani kabisa, zimekatwa vipande vyembamba na kukaushwa bila kuchemshwa. Zilizoanza kuwa njano wanga wake umeshaanza kugeuka sukari.

Pwani_Lishe
Naongeza kitu ambacho wauza unga wa ndizi hawakisemi. Wanga sugu si dawa ya kulainisha choo, na wakati mwingine unavuta upande wa pili, unakausha choo. Huko Vellore, India, mwaka 2000 ilichapishwa kazi juu ya wagonjwa wa kipindupindu: waliopewa ORS (maji ya chumvi na sukari ya mgonjwa wa kuharisha) iliyotiwa wanga sugu wa mahindi waliharisha kidogo kuliko wa ORS ya kawaida. Bangladesh nako ndizi mbichi zimepimwa kwa watoto wenye kuharisha, zikasaidia. Ni kwa sababu asidi zinazotengenezwa na bakteria zinausaidia utumbo mpana kunyonya chumvi, na maji yanafuata chumvi. Nzuri kwa afya ya utumbo, ila huyu mzee anataka maji yabaki kwenye choo.

Kwa ujazo wa choo, pumba za ngano zinaushinda wanga sugu kwa mbali. Isabgol (maganda ya mbegu za psyllium) inafaa zaidi hapa, kwa sababu haichachushwi sana na inashika maji mpaka mwisho: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, anywe papo hapo kabla haijaganda, kisha glasi nyingine. Asiibwie kavu, inaweza kukwama kooni. Unga wa ndizi aupumzishe mpaka choo kianze kutoka. Kinyesi kikikaa siku tatu ndani, gesi inapita kwa shida.

Kibuyu
Asante sana. Na kiporo?

Mchachu
Viazi, ndizi au wali ukilala kwenye friji, sehemu ya wanga inajipanga upya na kuwa sugu, na kupasha moto hakuiondoi yote. Kiasi ni kidogo, usitegemee muujiza. Wali uingie friji ndani ya saa mbili. Ukilala mezani, bakteria Bacillus cereus anaacha sumu isiyokufa kwa kupashwa. Kama hakuna friji, kikombe cha maharage kina wanga sugu na nyuzinyuzi pamoja.

Dawa_na_Maji
Kabla ya yote hayo, anatumia dawa gani? Vidonge vya madini ya chuma, tramadol, kodeini na verapamil vyote vinafunga choo, na hakuna unga utakaovishinda. Asiache mwenyewe, amuulize aliyemwandikia. Na kama hali hii imeanza karibuni, au kuna damu, au amepungua uzito, aende akachunguzwe utumbo mpana. Akianza kutapika na hata ushuzi hautoki, ni hospitali siku hiyohiyo, wala asipewe isabgol.