Mfarishi wa vitenge: nijaze sufi, pamba, faiba au blanketi?

Mshonaji wa Njombe
Habari zenu. Namshonea mama mfarishi (shuka nene la kujifunika, lenye kijazo katikati) wa vipande vya vitenge, futi tano kwa sita. Baridi ya huku Njombe ya Juni na Julai mnaijua. Mwaka jana alilala na sweta na soksi na bado akatetemeka. Upande wa juu nimeshauunganisha. Vipande vingine ni mabaki ya magauni yake ya zamani, siwezi kuvipata tena, ndiyo maana naogopa kukosea.

Shida ni cha kutia katikati. Mjomba kaniletea sufi, zile nyuzi za mti wa msufi, kilo tatu kutoka Tanga, safi kabisa. Lakini mfarishi wa kwanza, wa dada yangu, niliujaza faiba ya kuchambua, ile ya mito. Ulipofuliwa mara ya pili yote ikakimbilia pembeni, katikati pakabaki vitambaa vitupu. Nililia. Sufi haitafanya hivyo hivyo?

Fundi Magodoro, Tanga
Itafanya, tena mapema zaidi. Dada, usiitie humo. Nyuzi za sufi ni fupi, zinateleza, zina nta yake ya asili. Ndiyo maana hazinywi maji upesi, na ndiyo maana hazishikani. Godoro la sufi tunalibana kwa sindano ndefu toka juu hadi chini, na halifuliwi, linaanikwa juani livimbe tena. Mfarishi lazima ufuliwe. Hizo kilo tatu mshonee mama mito. Ukijaza, jifunge kitambaa puani.

Mama Cherehani, Makete
Mwanangu, pole. Faiba umeionea kidogo: nadhani ulishona kingo tu, katikati ukapaacha wazi. Chochote cha kuchambua, hata pamba, kinataka mishono ya karibu karibu, la sivyo kinafanya madonge.

Mimi natia blanketi kuukuu la pamba. Limeshika umbo lake tayari, haliendi popote. Hakikisha ni pamba kweli: chomoa uzi, uchome. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini; nailoni inayeyuka na kuganda kishanga kigumu. Kisha fua kila kitu kabla ya kushona, blanketi na kitambaa cha chini, maana pamba hurudi, hupungua ikifuliwa. Vitenge vipya navyo vitoe dondo, na uangalie vinavyochuja rangi.

Tandaza sakafuni tabaka tatu, piga bandi (mishono mikubwa ya muda) ukianzia katikati kwenda nje, usianze pembeni hata siku moja, utakunja makunyanzi. Mishono ya kudumu ipishane upana wa kiganja.

Mshonaji, Limuru
Naheshimu ushauri wa mama, lakini blanketi likilowa ni zito mno. Huku ukungu hukaa siku nzima, mfarishi wa pamba unaweza kuuanika siku tatu. Mimi nanunua faiba ya jora, inayouzwa kwa mita, ile ya kutia kwenye majaketi. Ni nyepesi, ina joto, inakauka haraka. Kasoro yake: kitambaa kikiwa chepesi nyuzi zinachomoza, na kwenye cheusi zinaonekana sana. Na usiipige pasi ya moto.

Mshonaji wa Njombe
Shikamoo mama, na asanteni nyote. Kweli, ule wa dada nilishona kingo tu.

Hiyo faiba ya jora ilinivutia kwa wepesi, lakini mama jioni hukaa jikoni kando ya kuni akiwa amejifunika, cheche zinaruka, na kitu cha kuyeyuka sitaki kimguse. Kufua atafua mdogo wangu, ana nguvu za kukamua. Nimechoma uzi wa blanketi letu la zamani: majivu. Limeshalowekwa. Swali la mwisho, mama: lina tundu la ukubwa wa sahani, nitie kiraka au nilikate?

Mama Cherehani, Makete
Marahaba. Tia kiraka cha blanketi hilo hilo, kingo zikutane zisipandane, uponte kwa mkono. Zikipandana atalihisi kila akigeuka.